Judy Mikono Mitupu

Judy Nangiro, afisa wa ustawi wa jamii anayekaa Kiwanjani, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumtembelea mtu bila kubeba kitu. Unga, sabuni, blanketi. Mimi mwenzake kazini nilimtania kwamba angempelekea dawa hata daktari. Aliamini, kama tulivyofundishwa wote, kwamba maskini ni mtu aliyepungukiwa na kitu, na kazi yetu ni kukileta.

Kisha akakutana na Kabale, mjane wa kijiji cha Kinna ambaye ukame ulimmalizia mbuzi wote. Judy alimpigania ofisini hadi mradi wetu ukakubali kumpa mbuzi wa maziwa. Tulipompelekea habari hiyo, Kabale alikataa katakata.

"Judy mwanangu, ukileta hizo mbuzi nimekwisha," alisema. "Kesho wazee ya ukoo wanakaa kuchangia watu wenye walipoteza mifugo. Wakisikia mradi imenipatia, wataniruka. Watasema huyo ako na watu wake. Na mradi ikiisha, wewe utaenda. Nikigonjeka, nani atakuja?"

"Sasa unataka nifanye nini, mama?"

"Kuja uwaambie hauna kitu."

Judy alinuna njia nzima. Lakini kesho yake tulikwenda, na uvumi ulikuwa umetutangulia. Jina la Kabale lilipotajwa, Mzee Abdullahi, aliyeongoza kikao, alipunga mkono.

"Huyo ako na mradi. Tuendelee."

Judy akasimama mbele ya wanaume wale.

"Mzee, mbuzi ya mradi itaenda kwa mtu mwingine. Mimi sina kitu. Nimekuja tu kukaa na yeye."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama siku hizi kuna mshahara wa kukaa. Mimi ningemjibu vibaya. Judy aliketi tu kando ya Kabale.

Wazee walinong'onezana kwa muda, kisha Abdullahi akaagiza mbuzi jike mwenye mimba aletwe. Kabale alishukuru, macho makavu.

"Na ikizaa, Kabale," mzee akaongeza, "wakati mwingine tutakuita na wewe uchangie wengine."

Hapo ndipo Kabale alipojifunika uso kwa mtandio, akalia. Judy, kwa mazoea, akapapasa mkoba akitafuta cha kumpa. Haukuwa na kitu. Akamshika mkono.