Waliniambia nichague: binti wa Maragoli au bibi wa Ruiru. Nilikataa

Wakuu, salamu kutoka Theta, upande huu wa Ruiru. Kabla hamjauliza, ndiyo, shosho mkongwe kama mimi anaweza ku-type. Natumia kidole kimoja, polepole, lakini nafika.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za passport renewal, visa na dual citizenship. Huyu amekwama embassy, yule ameambiwa aape kwa nchi ya watu na aache ya kwao, mwingine mtoto wake amezaliwa huko na hajui amwandikishe wapi. Nawahurumia kabisa. Lakini kuna kitu kinanikera. Mnauliza "niache gani, nishike gani?" kana kwamba huyo mtu wa dirishani ana haki ya kuwauliza.

Mimi niliulizwa hilo swali miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, na sikuwa nimetoka hata Kenya. Walionijua wakati huo wengi wameshazikwa, kwa hivyo ningetaka kudanganya hakuna wa kunishika. Sidanganyi. Umri huu uongo ni kazi ya bure.

Mimi ni Mmaragoli. Nilikuja Thika nikiwa msichana, kumpikia kaka yangu aliyekuwa ameandikwa kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Huko Thika nikapatana na Njoroge, Mkikuyu, mtu wa maneno machache na kofia moja. Tukaelewana. Nikahamia kwao Ruiru, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, tukikaa laini za wafanyakazi pamoja na baba yake, Mzee Gitau.

Tukapata mtoto wa kiume. Kwa mila ya Wakikuyu kijana wa kwanza anaitwa babu yake upande wa baba, kwa hivyo naye akawa Gitau. Mzee alikuwa akimbeba akizunguka naye laini nzima, akiambia watu wasalimie mwenye jina.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo.

Kwa Wakikuyu, mwanamke hajaolewa kabisa mpaka mbuzi ya ngurario ichinjwe. Watu wa kijana wanaenda nyumbani kwa msichana, mbuzi inachinjwa huko kwao, wazee wanakula, basi. Kabla ya hapo unaweza kukaa na mtu, umzalie watoto, lakini wazee wakibishana watasema wewe bado ni wa baba yako, na watoto pia.

Yetu haikuwa imechinjwa. Na si kwa ubahili. Wakati huo Mkikuyu hangeweza kusafiri bila ruhusa, na passbook ya Njoroge, kile kitabu cha ruhusa, ilikuwa ya kuishi na kufanya kazi Ruiru peke yake. Maragoli angefikaje? Hata kwenda Thika kutafuta dawa ilikuwa kuomba kwanza. Laini zenyewe zilikuwa zimezungushiwa waya na askari anakaa mlangoni.

Ndipo kaka yangu akaleta habari. Baba ni mgonjwa sana, hainuki, na anauliza mtoto wangu anafanana na nani.

Nilifunga nguo zangu asubuhi hiyo hiyo. Mimi sikuhitaji ruhusa, kwa sababu sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatukuwa kwenye hiyo sheria. Nikafika stesheni, askari akaniuliza mtoto anaitwa nani. Mimi na ujinga wangu wa kujivunia mtoto, nikasema Gitau.

Akanitoa kwenye foleni. Mtoto wa Mkikuyu ni Mkikuyu, haendi popote bila ruhusa ya D.O., yule mkuu wa serikali wa tarafa.

Wakuu, mtoto alikuwa ananyonya. Hata kukaa hakuwa amejua vizuri.

Nikaenda kwa D.O. Alikuwa mzungu kijana, uso mwekundu, anaongea kile Kiswahili chao cha kuamrisha boi. Karani wake alikuwa mtu mweusi kama sisi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, anatafsiri hata vile havihitaji kutafsiriwa.

"Wewe nataka nini?" D.O. akauliza.

Nikamweleza. Akasikiza nusu.

"Wewe Mkavirondo, wewe enda. Toto hapana enda. Toto acha hapa." Mkavirondo ndivyo walivyotuita watu wa magharibi.

"Atanyonya nani?"

Hilo karani hakulitafsiri.

Wakaongea Kiingereza wao wawili, kisha karani akanigeukia na uso wa kunipa zawadi. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza, niandikwe Mkikuyu kama bwanangu, nichukue passbook, halafu niombe ruhusa mimi na mtoto tungoje. Kungoja mpaka lini? Hajui. Ya pili, niseme mbele ya D.O. kwamba mimi si bibi ya mtu yeyote hapa, mimi ni msichana wa Maragoli na mtoto wangu. Hapo naenda leo. Lakini nikienda hivyo, laini za Ruiru nisirudi, kwa sababu wanawake wasio na bwana hawaruhusiwi kukaa mle.

"Chagua, mama," akaniambia. "Mtu hawezi kuwa pande mbili."

Nilitoka hapo na hasira. Baba yangu anakufa na mtu wa suruali ananifundisha mimi ni nani.

Usiku Njoroge alikataa kabisa. "Unataka nisimame huko niseme wewe si bibi yangu? Afadhali usiende."

Nikamwambia afadhali afe baba yake yeye, tuone kama hataenda. Ilikuwa neno baya na nilijua ni baya, lakini lilikuwa limeshatoka.

Mzee Gitau alikuwa amekaa kando ya moto akisikiza. Akaniuliza jambo moja tu. "Mwari wakwa, binti yangu, ukienda utarudi?"

Nikasema nitarudi.

"Basi kesho naenda na wewe."

Kesho yake akasimama mbele ya D.O. na kofia mkononi. Akaongea Kikikuyu, pole pole, na karani akitafsiri. Alisema kwa sheria yao, ile ambayo serikali yenyewe inasema wazee waifuate, huyu mwanamke hajaolewa. Mbuzi haijachinjwa. Na haijachinjwa kwa sababu serikali ilikataza watu wake kusafiri kuichinja. Kwa hivyo mtoto si wa nyumba yake. Mtoto ni wa babu yake wa Maragoli, na Mmaragoli hahitaji ruhusa.

D.O. akacheka kidogo. Akauliza, kama si wako, mbona anaitwa jina lako?

"Jina nilimpa," Mzee akasema. "Mtu anaweza kumpa mgeni jina lake."

Mimi nilimwona mkono. Alikuwa ameikunja ile kofia mpaka haikuwa kofia tena. Huyu mtu alikuwa na mjukuu mmoja tu duniani na alikuwa anamtoa mbele ya watu, kwa mdomo wake, ili niende kumwona baba yangu. Nililia pale pale na sikujificha.

Nikaandikiwa cheti cha njia. Karani akanikumbusha, "Ukienda umeenda."

Nikamwambia asante kwa kunionyesha njia ya stesheni.

Baba nilimkuta hai. Akamshika Gitau, akamgeuza huku na huku, akasema ni masikio ya mama yangu. Sijawahi kumwona baba akifurahi hivyo hata alipokuwa mzima.

Shida ikaanza na baba zangu wadogo. Waliposikia vile Mzee alisema, wakakaa kikao. Wakasema huyu mtoto ni wetu basi, wenyewe wametamka mbele ya serikali, abaki hapa akue hapa, na mimi nitafutiwe mtu wa karibu. Mnaona? Niliwatoroka wale wa Ruiru wanaonikata katikati, nikakuta wa kwetu wameshika upande wa pili wa msumeno.

Nikawaambia hapana. Wakaniambia mwanamke hakuulizwa.

Baba ndiye aliwanyamazisha, akiwa amelala kitandani. Alisema, "Mtu amemtoa mjukuu wake kwa mdomo ili mimi nimshike. Mtu kama huyo mimi simnyang'anyi."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, kwetu wala kwa Wakikuyu. Akaagiza mbuzi yake mwenyewe, kutoka zizi lake mwenyewe, ichinjwe kwa niaba ya Mzee Gitau ambaye hajawahi kumwona. Baba wa msichana akijichinjia mbuzi ya ndoa ya binti yake! Baba zangu wadogo walikasirika, lakini nyama walikula. Mguu wa mbele ukakaushwa juu ya moto, ukafungwa kwa majani ya migomba, nikaambiwa nimpelekee mkwe wake.

Baba alizikwa kabla sijaondoka. Nilimzika vizuri, mtoto mgongoni.

Nikarudi. Mlangoni pa laini askari akakataa nisiingie, jina langu halipo tena. Nikapelekwa kwa D.O., karani yuko pale pale na suruali yake ya pasi.

"Si ulisema wewe si bibi?"

"Sikusema mimi. Na mbuzi imechinjwa."

"Imechinjwa na nani?"

"Na baba yangu."

Karani akacheka mpaka akafuta macho. Alikuwa Mkikuyu, anajua mila, na hiyo haikuwa mila. Akamwambia D.O. nadanganya. Mzee Gitau akaitwa pamoja na wazee wengine wa laini, na hao wazee wakaanza kubishana wao kwa wao pale nje. Wengine wakasema haihesabiki, mbuzi lazima itoke kwa kijana.

Mzee hakubishana. Alinipokea ule mguu, akafungua yale majani, akatoa kisu, akakata nyama akala. Akampa Njoroge, akala. Kisha akawaambia wenzake, "Mimi ndiye mwenye kijana. Nimekula. Mnataka kunitapisha?"

Mmoja akanyoosha mkono akaomba kipande.

D.O. sasa alikuwa amechoka na sisi. Akavuta karatasi. "Basi. Wewe sasa Mkikuyu?"

Njoroge akaniangalia. Nilijua nikisema ndiyo tunaenda nyumbani, yote yamekwisha. Lakini nikaona baba yangu juzi tu nimemfukia, na huyu anataka nimfute.

Nikasema, "Mimi ni binti ya baba yangu, na ni bibi ya huyu. Mtoto ni wa wazee wawili. Andika yote."

"Hapana nafasi ya yote."

"Basi usiandike."

Aliandika anachotaka, na mpaka leo sijui ni nini. Laini nikaruhusiwa. Lakini kwa ule mdomo wangu nilipewa kazi ya lazima kuchimba mtaro wa kijiji, asubuhi mpaka jua kali, msimamizi akinisimamia. Nikachimba. Walioniona wakanihurumia, nikawaambia wasinihurumie, wanipokee jembe.

Wakuu, hiyo ndiyo yangu. Kabla ya katiba mpya kuruhusu uraia wa nchi mbili, wengi wenu mliapa kwa nchi za watu mkapoteza ya Kenya, na wengine mpaka leo mnaona aibu kama mliouza mama. Msione. Wenye dirisha watachapisha hicho kitabu cha passport wanavyotaka, rangi wanayotaka. Jaza wanachouliza, lipa, chukua, nenda zako. Lakini siku mtu akikuambia useme kwa mdomo wako kwamba baba yako si baba yako, au mtoto wako si wa kwenu, mwambie hapana. Ikibidi kuchimba, chimba.

Na kama nyumbani kuna mtu alikunja kofia yake ili wewe upite, rudi. Mimi nilikuwa nimeahidi kurudi, nikarudi.

Haya, mlioko nje na mlioko hapa. Nani kati yenu alishaambiwa achague, na ulimjibu aje? Andikeni, nasoma zote. Wa kunitukana pia karibu, mimi nilishazoea makarani.