Siku Nilipofungua Sanduku la Vikwembe

Mdogo wangu alipofaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari tulimmwagia poda nyeupe kichwani, na mtaa wetu wa Rugenge, hapa Uvira, wote ukajua. Kesho yake furaha ilikuwa imekwisha, maana ilibidi kuchagua chuo.

Alitaka kusomea kazi ya maabara. Chuo kidogo kilikuwa mtaa wa Songo, angeweza kwenda kwa miguu na kurudi kula nyumbani. Kikubwa kilikuwa Bukavu, na barabara ya kwenda huko, ile inayopita Sange, leo inapitika, kesho imefungwa, na hakuna anayekueleza sababu.

Tulienda kwanza Songo. Katibu alituambia kwamba walimu wengi hutoka mbali. Huja kwa wiki moja, hufundisha somo zima kutoka asubuhi mpaka jioni, kisha huondoka. Hadubini ilikuwa moja, imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Lakini alisema pia kwamba mwanafunzi asipoonekana, wanamtuma mwenzake aende kumuulizia nyumbani. Mimi nilisikia hilo tu. Mdogo wangu alikuwa akiangalia kabati.

Bukavu tulikuwa na shangazi, dada ya baba. Hapo ndipo palikuwa na mwiba.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, sanduku la marehemu hufunguliwa na vikwembe vyake, vile vitenge vya kujifunga, hugawanywa. Anayechukua mtoto hupewa na kikwembe kimoja, ili mtoto alale amejifunika nguo ya mama yake. Baba alikuwa ametangulia. Mama alipomfuata, ukoo ulikutana uani, na shangazi akasema atamchukua huyu aliyefaulu sasa, wakati huo akiwa ameng’oka meno ya mbele. Mwingine akamtaka mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mimi niliketi juu ya sanduku, lisifunguliwe. Walinibembeleza, walinitukana, sikusimama mpaka wageni walipoondoka. Baada ya hapo niliacha shule, nikaanza kuanika na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sote watatu tukabaki chini ya bati moja.

Jioni ile, baada ya kutoka Songo, mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alisema bila kuulizwa:

“Yaya, nitasoma hapa hapa. Ni karibu. Na sokoni nitakusaidia.”

Nilifurahi mpaka chakula kilipoiva. Kisha nikaitambua ile sauti. Ndiyo niliyomdanganyia mwalimu wangu kwamba nimechoka na shule.

Asubuhi nilimpigia shangazi.

“Weye!” alisema. “Leo ndiyo unakumbuka kama niko na simu?”

Nilimwambia habari ya chuo, na kwamba mtoto hana pa kulala Bukavu.

“Minye nilikuombaka huyu mtoto, ukanikalia juu ya sanduku kama kuku mwenye mayai. Sasa amekuwa mutu mukubwa mwenye kujibu, ndiyo unanipa?”

“Sikupi, shangazi. Ninakuomba umulaze.”

“Aa! Nimulaze tu? Na kula atakula kwako Uvira?”

Alicheka.

“Alete kikwembe cha mama yake,” alisema. “Bila hicho sitamupokea.”

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba ataenda Bukavu, hakuruka wala hakupiga kelele. Aliuliza: “Na barabara ikifungwa nikiwa kule?” Nilimjibu kwamba itafunguliwa.

Siku ya safari nilifungua sanduku. Harufu ya dawa ya nondo ilijaa chumba. Vikwembe vyote vilikuwemo, vimekunjwa kama Mama alivyoviacha. Mdogo wangu alichagua kile cha kijani, akakiweka katika begi chini ya madaftari, akaniambia, “Yaya, hawajanichukua. Ninaenda kusoma.” Nilimwambia ndiyo, nikamfungia begi.

Gari lilipoondoka nilirudi nyumbani kuliweka sanduku mahali pake. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa naye yuko sekondari, alikuwa amepiga magoti mbele yake, akivigusa vilivyobaki kimoja kimoja.

“Yaya, na minye changu kitakuwa kipi?”

Nilifunga kifuniko, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeketi juu yake.