Aliyesikiliza kwa Niaba ya Baba

Mhadhiri wetu wa maadili alitupa kazi siku ya Jumamosi, maana sisi tunaosoma Nyegezi huku tukiwa kazini hatuna siku nyingine. Tuchague jambo linalobishaniwa na watu, tulipime kwa nadharia tatu. Wenzangu walikimbilia adhabu ya kifo na utoaji mimba. Mimi nikaandika juu ya karatasi: Je, ni halali kumficha mtu msiba wa mzazi wake?

Jirani yangu wa dawati akachungulia, akacheka. "Hilo nalo ni la kubishania? Si kila mtu anafanya?"

Kila mtu anafanya, kweli. Kwetu mtu akiwa mbali hapigiwi simu akaambiwa baba yako amekufa. Anaambiwa amezidiwa, njoo. Tunaogopa asije akaanguka njiani, au akalia peke yake ndani ya basi katikati ya watu asiowajua. Na kila anayepigiwa anajua neno lile hubeba nini, ila anaomba Mungu safari hii liwe na maana yake ya kawaida tu.

Baba yangu alifia nyumbani kwangu Mkuyuni, alfajiri. Alikuwa amelala majuma sita kwenye chumba cha wanangu, baada ya kumtoa kijijini, upande wa Mara, ili awe karibu na hospitali. Mimi ndiye niliyemnywesha uji, mimi niliyemgeuza kitandani. Mdogo wangu wa pekee, wa kike, anafanya kazi Dodoma. Hata mwili haujatolewa chumbani, baba mdogo alikwishampigia: "Baba yako amezidiwa, mwanangu. Panda basi."

Saa nne asubuhi simu yangu ikaita. Basi lake lilikuwa limefika Singida. Sebuleni kwangu makochi yameshatolewa nje, mikeka imetandikwa, na kina mama wa jumuiya wameanza kulia. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikapanda kwenye mawe, yale mawe makubwa ambayo nyumba zetu zimejibanza katikati yake. Nikapanda mpaka vilio vikabaki chini kabisa, ndipo nikapokea.

"Dada," akasema, "usinifanyie kama wanavyofanyiwa watu. Yupo au hayupo?"

"Yupo."

"Basi mwekee simu sikioni. Hata kama hajibu. Kuna neno nataka kumwambia."

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, mdogo wangu, baba hatunaye. Lakini nilimwona akipiga yowe kwenye kiti cha basi, abiria wakigeuka kumtazama, na safari ndefu namna ile bado iko mbele yake. Nikasema, "Haya, nimemwekea." Nikaibana simu kwenye sikio langu mwenyewe, na kwa mkono mwingine nikajiziba mdomo.

Alizungumza kwa kilugha chetu. Akamkumbusha mwaka alioanza shule, baba alivyokuwa akimpakia kwenye keria ya baiskeli, wakifuata njia ya ufukweni. "Baba, nilikuwa najilaza mgongoni kwako. Ukidhani nimelala, unapunguza mwendo. Sikuwa nimelala, hata siku moja. Nilikuwa nataka tu tuchelewe kufika." Kisha nikasikia basi likinguruma. Akasema asante baba, akakata.

Nilikaa juu ya jiwe lile nikilia, na sitadanganya, nusu ya kilio changu ilikuwa wivu. Mimi mkubwa nilikwenda shule ile ile kwa miguu, nyuma ya baiskeli ile ile, nimebeba fagio na kidumu cha maji. Na kwa majuma yote niliyokaa naye sikumwambia baba neno moja la namna ile. Nilimwambia geuka. Nilimwambia meza. Nilidhani ya moyoni yana siku yake, na siku hiyo bado inakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunawaimbia watoto kila siku, na bado mtu mzima anangoja.

Niliposhuka niliwaeleza wakubwa nilichofanya. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Walikaa kikao kifupi nyuma ya jiko, wakakubaliana kwamba baba amefariki saa nane mchana, basi likiwa maeneo ya Shinyanga. Siku ya mazishi, wasifu wa marehemu ulisomwa mbele ya watu ukiwa na saa nane hiyo hiyo. Sisi tuliojua tukatazama chini. Tangu siku ile mdogo wangu ana faraja moja, na humwambia kila anayempa pole: "Sikumuwahi, ila alinisikia."

Basi hayo ndiyo niliyoyapima kwenye karatasi kwa zile nadharia tatu. Ile ya wajibu inasema usitende jambo ambalo usingetaka liwe sheria ya wote. Nilicheka peke yangu nikiandika. Kwetu lilishakuwa sheria ya wote, ndiyo maana mdogo wangu hakuniamini niliposema yupo, ikanibidi niongeze uongo wa pili kuulinda wa kwanza. Ile ya matokeo ilinitetea kama wakili aliyelipwa vizuri: alifika salama, hakuanguka, ana faraja, aliyeumia ni nani? Ya tatu inauliza mtu mwema angefanya nini. Mtu mwema niliyemjua mimi ni baba. Baba angemwambia ukweli pale pale, kisha angepanda baiskeli yake kumfuata huko huko Singida. Hilo sikuliandika, ingawa ndilo pekee nililoliamini.

Karatasi ilirudi na alama nzuri. Chini, kwa kalamu nyekundu, mhadhiri alikuwa ameandika: "Na aliyedanganya, sasa inampasa nini?"

Swali lile lilininyima raha. Mwaka huu tulipopanga kwenda kijijini kulijengea kaburi la baba, mdogo wangu alipitia kwangu kwanza, nami nikaapa kwamba hatuondoki Mkuyuni kabla sijamwambia. Asubuhi tulikuwa uani tukiparua sato wa mchana, yeye na kisu chake, mimi na changu. Watoto wametoka. Nikasema, "Mdogo wangu, siku ile ya simu."

"Afadhali umeitaja mwenyewe," akanidaka. "Nimetaka kukuuliza muda mrefu, naogopa. Aliponisikia, alifanyaje?"

Nilimtazama. Magamba ya samaki yalikuwa yamemrukia mpaka kwenye nywele. Alikuwa ameacha kuparua, kinywa kiko wazi kidogo, kama mtoto anayesubiri aonjeshwe chakula. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwepo, tena kwa mpangilio wake. Nilikuwa nimeyarudia usiku kucha.

"Alinibana mkono," nikasema.

"Upi?"

Wa kulia ulikuwa na kisu. Nikanyoosha wa kushoto. Akafuta mikono yake kwenye khanga, taratibu, kila kidole, kisha akauchukua mkono wangu, akaulaza shavuni kwake, akafumba macho.

Nilijua nimemwibia tena, na safari hii siwezi kusingizia basi wala umbali. Lakini mkono sikuuondoa. Shavu lake ni la baba kabisa, na la baba mwenyewe sikuwahi kuligusa, ila kwa kitambaa cha kumwogeshea.