Vizibo Vitatu vya Dawa ya Kukausha

Baba yangu alikuwa seremala huko Nkoaranga, na usharika wetu ulimpa kazi ya kutengeneza mabenchi mapya kabla ya Jumapili ya kipaimara. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya kemia, kichwa kimevimba.

Vanishi hutiwa dawa ya kukausha. Baba aliweka kizibo kimoja cha soda kwa kila kopo, basi. Nikajitia ujuaji. Nikamwambia dawa ile nayo ni sabuni, ila imeundwa kwa metali ya kobalti. Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia; sabuni ya kufulia, ikiwa ndani ya maji, huficha mikia yake ya mafuta katikati na kuacha vichwa nje. Hii ya kobalti, ikiwa ndani ya tapentaini ya vanishi, hufanya kinyume: vichwa vya metali hujikusanya katikati na mikia hubaki nje, kama watu wanaoota moto.

"Na benchi litakauka?" aliuliza.

"Kwa baridi hii, baba, kizibo kimoja hakitoshi."

"Mimi sijasoma, mwanangu. Ila kizibo ni kimoja."

Alipokwenda kunywa chai, nikaongeza viwili kwenye kila kopo. Keshokutwa yake mabenchi yalikuwa makavu, yanang'aa, na baba alifurahi mno. Furaha ile inaniuma mpaka leo. Dawa ikizidi, vanishi hujifunga juu mapema, hewa haifiki chini, na chini hubaki mbichi. Niliwahi kuandika hivyo hivyo kwenye mtihani, nikafaulu.

Jumapili, watoto walikaa saa mbili nzima. Joto la miili likaupasua utando ule mkavu wa juu. Walipoitwa madhabahuni, magauni meupe yalikuwa yamenata kwenye mabenchi, mawili yakachanika. Mama zao walikuwa wamejinyima ili yashonwe.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akamwita baba, nami nimesimama pale pale.

"Fundi, umetupaka nini?"

Baba alinitazama mara moja tu. "Nilikosea vipimo," akasema.

Nilikuwa na mdomo. Niliufunga.

Hawakumpa tena kazi, hata ya kigoda. Mabenchi mengine waliyanunua mjini.

Mwaka jana tulimzika. Mzee yule yule alisimama kaburini kutoa salamu, akasema marehemu alikuwa mcha Mungu, na yale mabenchi usharika ulishamsamehe. Watu wakaitikia amina.

Nami nikaitikia.