Shughuli ya Meno

Bibi yangu alitaka niolewe ili mdogo wangu apate meno. Naanza na hilo kwa sababu nikilitaja baadaye nitaonekana nimetia chumvi, na sikutia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana, moja likichungulia begani kwa mwenzake. Tangu aingie sekondari ya chini alikuwa ameacha kucheka. Alizungumza akiwa ameshikilia mtandio mdomoni, na madrasa, zamu yake ya kusoma ikifika, alisoma kwa sauti ya mtu aliyejifungia stoo. Mwalimu wake akatuma ujumbe: mtoto amehifadhi vizuri, ila hasikiki.

Mama akampeleka Mombasa. Daktari wa meno akasema anahitaji nyaya, azivae kama miaka miwili, na akataja bei. Baba alipoambiwa kwa simu aliirudia bei hiyo kwa sauti, kisha akauliza kama huenda daktari alikuwa akiwatajia namba yake ya simu.

"Punda wangu alipigwa tupa meno bure," alisema waliporudi. Ni kweli. Mjini kwetu punda akisumbuliwa na meno ana hospitali yake ya kupelekwa, na mwenyewe hatozwi kitu. "Na yule punda hakuwa hata akiona haya."

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada bila kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuhoji mambo. Niliwauliza ni nani aliyeamua kwamba meno lazima yapange foleni. Nikawaeleza kwamba watu wanaotuonyesha meno yaliyonyooka ndio hao hao wanaouza kuyanyoosha. Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Yako yamenyooka," akasema.

Niliendelea kuzungumza kwa muda, ila si kuhusu meno yangu.

Zikaanza mbinu za kuokoa pesa. Bibi alimwamuru asukume lile jino kwa kidole gumba kila baada ya sala. Mwezi ulipoisha kidole kilikuwa kimeota sugu na jino liko pale pale. Mimi nilikuta mtandaoni watu wanaojifunga meno kwa vile vipira vya kufungia noti, nikafurahi, kisha nikasoma yaliyowapata, nikaizima simu. Baba alimpigia daktari kuuliza kama angeweza kutengeneza ya juu tu, kwa kuwa ya chini hayaonekani sana. Daktari alikubali jambo moja: alipwe kidogo kidogo, mradi malipo ya kwanza yawe ya maana. Hayo ya kwanza ndiyo tuliyokosa.

"Tunayo," akasema bibi. "Yako kwa watu."

Mtaani kwetu mwanamke haendi kwenye shughuli ya mwenzake mikono mitupu. Anapeleka tunzo, na tunzo ile hurudi siku yake naye atakapokuwa na shughuli. Hakuna anayeandika. Wanakumbuka tu, kama wanavyokumbuka nani alichelewa kwenye msiba wa nani. Mama alikuwa ametunza harusi za mtaa mzima tangu aolewe, na yeye hajawahi kurudishiwa, kwa sababu binti yake mkubwa ni mimi.

"Wewe ndiye uloziba ndia," bibi akanielekezea kidole, kana kwamba nimesimama katikati ya njia. "Ungeolewa, mwenzio sasa angekuwa na meno."

"Niolewe kwa ajili ya meno?"

"Watu wameolewa kwa madogo kuliko hayo."

"Na nani?"

"Hayo ni ya baadaye."

Nilikataa, na kwa wiki nzima nilitazamwa wakati wa chakula kama mtu aliyekalia mkoba wa wenzake. Mwishowe bibi akapata dawa: shughuli bila bwana harusi. Tutawaalika wanawake, tuwalishe, tumpambe mtoto, watutunze. Baba aliingiwa na wasiwasi wa dini, akaenda kumuuliza imamu. Alirudi akikuna ndevu.

"Amesema kulisha watu ni thawabu," akatuambia. "Ila ameomba asielezwe tena ni kwa sababu gani."

Nikapiga hesabu ya mchele, mbuzi na samli, nikamwonyesha mama kwamba tunakaribia kumla daktari mzima kabla ya kumlipa. Mama akanipa kisu na gunia la vitunguu.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha kuazima mbele ya zidaka, vile vishimo vya kuwekea mapambo ukutani. Amepakwa hina, amevikwa kikuba cha asumini, uso ameukunja. Wanawake waliingia kwa vigelegele. Bibi alikuwa ameweka sharti kwamba kila anayetunza atazame kwanza anachokitunza, kwa hiyo walijipanga.

"Fungua, mwanangu, tuone."

Alifumba macho, akafungua kinywa.

"Mashaallah, yamejaa!" akasema jirani yetu wa mkono wa kushoto, mwanamke mnene ambaye hajawahi kunong'ona. "Mume wangu hana hata moja. Angekuazima nafasi."

"Hili lenda wapi?" akauliza mwingine.

"Kipungani," akajibiwa na mwenzake, akikitaja kijiji cha mwisho kabisa wa kisiwa chetu.

"Na hili?"

"Lamfuata."

Nilimwona mdogo wangu machozi yakimlengalenga, nikataka kuivunja shughuli yote kwa hotuba. Lakini yule jirani alikuwa ameshainama, amefungua kinywa chake mwenyewe mbele ya uso wa mtoto, akimwonyesha kwa kidole. "Tazama. Hapa palikuwa na ino, nalo sikulipenda. Sasa nalitafuta." Mtoto akatazama. Machozi hayakushuka.

Kisha zikaja tunzo, na hapo ndipo tulipojua kosa la bibi. Tunzo hurudi kama ilivyokwenda. Ukipeleka leso, hurudishiwa leso. Mama miaka yote hiyo alikuwa akinunua chupa za chai, kwa sababu binamu yake mwenye duka humpunguzia. Zikarudi chupa za chai. Zilijaa zidaka, zikashuka sakafuni, zikapanda hadi dirishani, zenye maua mekundu na zenye kasuku. Shilingi haikuonekana. Mama alikaa katikati yake kama mtu aliyezingirwa.

"Basi," akasema baba usiku ule, "daktari tutampelekea chai."

Nilijitahidi nisifurahi kwamba nilikuwa sahihi. Nadhani ilionekana.

Bibi hakushtuka hata kidogo. Msimu wa harusi ulikuwa mlangoni. Asubuhi alizipanga chupa kwenye daka, kibaraza chetu cha mlangoni, akakaa pembeni na tasbihi. Kabla ya adhuhuri wanawake walewale walikuwa wamerudi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na harusi ya kwenda na hakuwa na tunzo. Jirani yetu mnene aliokota moja, akaipindua.

"Si ndiyo yangu hii?"

"Ndiyo," akasema bibi. "Waijua. Haivuji."

"Nipunguzie basi, mimi ndiye niloileta."

"Ungeileta mbovu ningekupunguzia."

Alilipa. Nilimfuata hadi kizingitini nikamuuliza kwa nini hakutupatia pesa tangu mwanzo, akabaki na chupa yake. Yeye na bibi walitazamana, kisha wakanitazama mimi kwa huruma ile ya kumtazama mgonjwa.

"Hiyo ingekuwa mumeomba," akasema jirani. "Kwani mumeomba?"

Chupa ziliisha kabla ya msimu kuisha. Malipo ya kwanza yakaenda Mombasa, na mdogo wangu akarudi na nyaya mdomoni, midomo imevimba, akinywa uji na kulia kwamba afadhali Kipungani. Zile siku za mwanzo mtandio ulipanda hadi puani. Nikajiambia, haya, tumenunua aibu mpya kwa gharama ya mbuzi.

Halafu jirani akaja kumtazama.

"Ndoo hapa," akamwita karibu. "Chupa yangu imekuwa jino lipi?"

Mdogo wangu hakuelewa. Jirani akamfungua mdomo kwa kidole, akachagua jino la mbele, lile lililokuwa likienda Kipungani, akaligonga kwa ukucha. "Hili langu." Habari ikazunguka. Kufikia Ijumaa kila mwanamke wa mtaa alikuwa na jino lake, na wawili walikuwa hawasemezani kwa sababu ya moja la chini. Mtoto hakuweza tena kupita uchochoroni. Akitumwa mkate, husimamishwa penye kona: "Fungua nione langu limefika wapi." Anafungua. Anakwenda hatua chache, anasimamishwa tena.

Jioni moja wanawake walikuwa wamekaa darini kwetu wakilikagua kila mtu lake, jirani akanigeukia.

"Na wewe, dada mtu? Lako lipi?"

Nilianza kueleza kwamba mimi, kimsingi, tangu mwanzo...

"Yeye alitoa maneno," mdogo wangu akanikatiza. "Mpeni gego la nyuma kabisa, halionekani."

Wakaangua kicheko, naye akacheka, nyaya zote nje. Mkono wake ulipanda kuelekea mdomoni kwa mazoea, ukafika ukiwa umechelewa.