Pijo Nyeupe ya Manyatta

Ukipita nyuma ya uwanja wa Kinoru uulize kwa yule mzee wa magari ya zamani, yeyote atakuonyesha. Geti la kijani, na ndani yake banda refu la mabati nililolijenga kwa pesa yangu mwenyewe. Madaktari na mawakili huja Jumapili kupiga picha na magari yaliyo humo, na mwenye funguo ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita. Sisemi hivyo kwa haya. Nasema ili ujue kwamba ninachokijua kuhusu gari nilikijua kwa mikono, tangu nilipokuwa naziba pancha za pikapu za miraa pale Majengo, kando ya bucha. Leo mtu akinunua gari kuukuu popote kutoka Chuka mpaka Nanyuki, ananipigia simu kuniuliza kama amepunjwa. Mara nyingi amepunjwa.

Biashara hii imebadilika. Nilipoanza, gari la zamani lilikuwa chuma chakavu tu, na mwenyewe alikushukuru kwa kumwondolea uchafu uani. Siku hizi kila mtu ana simu. Anaona gari kama la babu yake limeuzwa Nairobi kwa bei ya shamba, basi hata lile ambalo kuku wametagia ndani analiita la kihistoria. Wanunuzi nao ni wengine: vijana wa mjini wenye kofia, na watu walio ng'ambo wanaonunua kwa picha. Wote wanatafuta uasili. Wanataka rangi ya kwanza, injini iliyotoka nayo kiwandani, logbuku ambayo haijapita mikono mingi. Gari lililopakwa rangi upya likang'aa linashindwa bei na lenye mikwaruzo yake ya kweli. Mimi nililijua hilo kabla yao. Ndiyo maana kwangu hakuna kopo la rangi.

Mnadani nina mtindo wangu. Sisimami karibu na gari ninalolitaka. Nafika mapema, nalikagua kabla watu hawajajaa, kisha naenda kujibandika kwenye gari nisilolitaka. Nafungua boneti, naguna, nainama chini, napiga tairi teke. Watu wanaofuata macho yangu wanalinunua hilo. Kuna bwana mmoja aliyenunua Benzi kwa sababu ya mguno wangu, na mpaka leo halijawaka.

Mnada ninaousimulia ulikuwa kwenye boma moja karibu na Manyatta, upande wa Embu. Daktari mmoja mstaafu alikuwa amefariki, na watoto wake walio ng'ambo wakaamua magari yake yauzwe hapo hapo uani. Kulikuwa na Benzi, Landi ya bodi fupi, na Pijo nyeupe ya stesheni, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Pijo ndiyo iliyonitoa Meru. Banda langu lilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo, na nafasi yake nilikuwa nimeshaiacha katikati, mkabala na mlango, ili mgeni akiingia aione kwanza.

Niliikagua umande ukiwa bado kwenye nyasi. Injini yake ilikuwa ya asili. Vitambaa vya viti vilichakaa pale panapochakazwa na watu wanaokaa, si na panya. Nyuma, sakafu ilikuwa imelika rangi kwa miduara, mduara kando ya mduara, safi kama imechorwa. Ni mitungi ya maziwa iliyokuwa ikibebwa humo. Mtu mwingine angeita kasoro. Mimi nilifunga mlango taratibu, nikaenda kuguna kwenye Benzi.

Sasa lazima nikueleze jambo la wakwe, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata. Mke wangu ni wa upande huo wa Embu. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna heshima tunayoiita nthoni. Hamkai benchi moja. Hamli meza moja. Hamtazamani usoni. Vijana wa leo wameilegeza, utawaona wakikumbatiana na mama mkwe kwenye arusi, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani, mwalimu mkuu mstaafu, mjane mwenye mgongo ulionyooka kama rula, na kwake mambo hayo hayajalegea hata kidogo. Kwa simu tunaongea vizuri kabisa, maana simu haina macho. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mtu na mama mkwe wake hawashindani mbele ya watu. Wakishindana, mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, na hadithi yake inasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Dalali alipofika kwenye Pijo nilikuwa nyuma kabisa, kando ya lori la kubebea viti. Kila mnunuzi alikuwa na kadi yenye namba. Kadi tatu zilipanda: yangu, ya bwana wa Nairobi mwenye kofia, na nyingine huko mbele kabisa, iliyokuwa ikiinuka juu ya vichwa vya watu. Sikumwona mwenye nayo. Niliona mkono tu. Nilipandisha, kadi ya mbele ikapandisha. Nikapandisha tena.

"Kadi ya mbele haichoki!" dalali akasema. "Wewe wa nyuma, umelala?"

"Niko macho kuliko wewe!" nikajibu kwa sauti, watu wakacheka, nami nikapandisha zaidi kwa sababu ya kile kicheko.

Bei ilisimama kwa bwana wa kofia, ikiwa chini ya ile waliyoitaka watoto wa daktari. Dalali akasema ataiuza Landi kwanza, kisha aturudie. Watu wakasogea kuifuata. Hapo mbele pakafunguka, nami nikaona mgongo ulionyooka kama rula, na kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, kadi mapajani, macho kwa Pijo.

Nilirudi nyuma ya lori kama mtu aliyeona nyoka. Nilikuwa nimempandishia mama mkwe bei, tena kwa kelele, mbele ya nusu ya kijiji chake. Kumwendea sikuweza. Kumtuma mtu ningemtuma nani, na aseme nini? Nikatoa simu. Kupitia pengo la lori nilimwona akifungua mkoba wake.

"Haloo," akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, habari za huko?"

"Ni nzuri, mkwe wangu. Niko shambani, nachuma kahawa kidogo."

Nyuma ya sauti yake dalali alikuwa akinguruma: Landi ya wanaume hii, si ya kupelekea watoto shule!

"Na wewe uko wapi?" akaniuliza.

"Niko dukani, Mama. Hapa Kinoru."

Nyundo ikagonga meza. Sikio moja lilisikia mlio huo hewani, la pili likausikia kwenye simu. Kwake bila shaka ilikuwa hivyo hivyo.

"Huko Kinoru kuna kelele," akasema.

"Ni mhubiri wa barabarani."

"Hata huku shambani yuko."

"Injili imeenea, Mama."

"Imeenea sana." Hakugeuka. Angegeuka tu, yote yangeharibika. "Mkwe wangu, wewe unajua magari. Nimesikia kuna Pijo inauzwa mahali. Ni ile ya marehemu mume wangu, aliyoiuza ili huyu mke wako aende chuo."

Nilishika ubavu wa lori. Hadithi hiyo nimeisikia kwa mke wangu mara nyingi. Lakini Pijo nyeupe zilijaa nchi hii, haikunijia kabisa kwamba ningekutana na yenyewe.

"Una hakika ni hiyo?"

"Mitungi ya maziwa nilikuwa naipanga mimi. Najua nilivyoipanga. Daktari alikuwa akinipita nayo kila Jumapili tukienda kanisani, naiona mgongo tu mpaka inapinda kona." Akakohoa kidogo. "Nimekata miti yangu yote ya mikima ya mpakani nikauza mbao. Lakini kuna watu wawili wananipandishia. Mmoja ana kofia. Mwingine sijamwona, amejificha huko nyuma kama mwizi wa kuku, na ana mdomo."

"Huyo wa nyuma ni mtu mbaya," nikasema.

"Ana pesa na hana akili."

"Pengine hakujua anashindana na nani."

"Na akijua?"

"Akijua ataacha. Lakini wa kofia hataacha, Mama. Huyo atapita hizo mbao."

Nilimwona akiigeuza kadi mapajani, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Basi itaenda Nairobi," akasema, polepole sana.

"Niruhusu niinunue mimi nikuletee."

"Hapana." Alinikata kama mwanafunzi aliyejibu bila kuinua mkono. "Sitaki zawadi ya gari. Watu waseme mjane amenunuliwa gari na mkwe, wanawe wako wapi? Marehemu hakupewa hiyo gari na mtu. Hapana."

Mimi huwa sikwami. Fundi akikwama ananiita, hata mwanasiasa mmoja akikwama huniita. Lakini pale nilikwama, nikabaki natazama tairi la lori. Ndipo nikakumbuka blanketi.

Mahari yangu niliipeleka vizuri, uliza mtu yeyote wa huko. Mitamba niliyowapelekea bado inazungumzwa. Lakini mahari kwetu haimalizwi yote. Ukimaliza ni kama umenunua mtu ukafunga duka. Kinaachwa kitu ili wakwe wawe na sababu ya kukungoja. Marehemu baba mkwe mwenyewe ndiye aliyesema, wazee wakisikia, kwamba blanketi la mama libaki.

"Mama," nikasema, "blanketi lako bado sijalileta."

"Bado."

"Limekaa miaka mingi. Nikilileta sasa likiwa jembamba, watu watanicheka."

Nilisikia pumzi yake kwenye simu. "Blanketi huja na wazee," akasema.

"Wazee nitawatafuta."

"Si zawadi hiyo."

"Si zawadi. Ni haki yako."

"Na ukilileta kutabaki nini?"

"Leso, Mama. Leso sitaileta kamwe."

Mgongo wake ukatikisika kidogo. Nadhani alicheka. "Na pesa za mbao zangu?"

"Tairi zimekwisha zote. Na betri."

"Tairi nitanunua mimi. Na betri. Na usiipake rangi."

"Mimi sipaki rangi."

"Basi rudi kwa wateja wako, usiwaweke wakingoja." Akakata. Kisha akaitia ile kadi ndani ya mkoba, akaufunga, akauweka mapajani na kufumbata mikono juu yake.

Dalali alirudi kwenye Pijo. Bwana wa kofia alipandisha kidogo, kwa starehe, akidhani njia ni nyeupe. Watu wa mjini wananunua kwa hesabu. Wana kikomo walichokuja nacho, na wanapanda ngazi moja moja kukielekea. Mtu wa hivyo humshindi kwa kupanda naye. Nilitoka nyuma ya lori, nikapiga mwayo, nikataja bei iliyoruka ngazi zake zote.

"Mzee," bwana wa kofia akaniambia, "hiyo utabebea miraa?"

"Nitabebea blanketi."

"Blanketi la dhahabu hilo!"

"Wewe endelea kuhesabu," nikamwambia. "Kikokotoo chako kikiisha chaji utaniambia."

Akatazama simu yake, akatazama gari, akatikisa kichwa. Nyundo ikagonga. Mama mkwe aliinuka, akapangusa kiti kwa kitambaa, akaondoka kwa njia ya nyumba bila kutazama nyuma, kama mtu aliyetoka kuchuma kahawa.

Niliipeleka Pijo kwake, ndiyo blanketi lake, siku wazee walipopatikana. Wao walitangulia kwa gari lingine, mimi nikaiendesha peke yangu, kwenye tairi mpya alizonunua yeye. Mzee mmoja wa upande wake alikuwa amesikia minong'ono. Akauliza kama ni kweli kulikuwa na kushindana mnadani, maana kama kulikuwapo, hapo kuna mbuzi.

"Siku hiyo mimi nilikuwa shambani," mama mkwe akajibu kutoka jikoni.

"Mimi nilikuwa dukani," nikasema nikiwa uani.

Wazee wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akatoa meno ya bandia. Mbuzi hakutajwa tena.

Ufunguo sikuweza kumpa mkononi. Niliuweka juu ya boneti, nikaenda mpaka kwenye ua wa mchai-chai, nikasimama nikiwapa mgongo. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. Nilisikia mlango ukifunguka, na kwa sauti yake nikajua si wa dereva. Mlango wa abiria wa Pijo zile una mlio wake. Alikaa humo muda mrefu, mahali pake pa zamani. Kisha honi ikalia. Alikuwa amenyoosha mkono mpaka kwenye usukani. Ikalia tena, ndefu, na jirani wa ng'ambo ya bonde akatoka nje kutazama ni nani amekuja.

Pale bandani kwangu Kinoru, ile nafasi ya katikati bado iko wazi, na sakafu yake naifagia. Bwana wa kofia alifika mwezi uliopita kutaka kuona magari yangu, tukacheka, akaniuliza kwa nini nimeacha pengo mahali pazuri hivyo. Nilimwambia gari langu bora kuliko yote ndilo linalokaa hapo. Akauliza liko wapi. Nikamwambia limeenda kanisani.