Msemaji Asiyejua Kunong'ona

Msemaji wa chama chetu cha wafanyakazi hajui kunong'ona. Miaka ya kusimama kati ya mashine za kufuma imeyaua masikio yake. Mkewe akimuuliza kama chumvi imekolea, jibu linafika kwa jirani. Kiwandani sisi wafumaji husemezana kwa midomo tu, maana sauti haifui dafu mbele ya zile kelele. Vikaoni, mbele ya mwenye kiwanda, mtu wa benki na bwana wa halmashauri, yeye hukaa vidole vikisokota uzi usiokuwepo, macho hayabanduki midomoni mwao. Wao hudhani ni heshima.

Juzi tulisimama uani, hoi kwa kusubiri, tukimtazama dirishani. Mwenye kiwanda akamwinamia mtu wa benki, akanong'ona bila wasiwasi, kwa kuwa ng'ambo ya meza alikaa kiziwi. Msemaji wetu akafumba macho. Vidole vikatulia. Kisha akageukia kioo, akatuambia polepole, bila sauti, "Mashine zimeshauzwa, jamani. Nendeni nyumbani."

Nyuma yake, bwana wa halmashauri ndiyo kwanza alikuwa anasimama kufungua kikao.